Mtoto Aite Kwanza: Mwongozo wa Kufundisha Huduma ya Kwanza Nyumbani

Watoto wetu wengi hushinda na watoto wenzao. Mama yuko gengeni, baba kazini, dada wa kazi katumwa dukani, na mwenye miaka 8 ndiye anayemwangalia mwenye miaka 2. Uji wa moto ukimwagika saa hiyo, atakayeona kwanza ni mtoto, na dakika za mwanzo ziko mikononi mwake, apende asipende.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu wa watoto wa miaka 3 hadi 12. Hauna nia ya kumfanya mtoto kuwa mganga. Unampa kazi tatu tu, kwa mpangilio huu: ajiepushe na hatari, aite mtu mzima, kisha, kama umri wake unaruhusu, afanye jambo moja la kusaidia huku akisubiri. Aliyekumbuka kuita akasahau mengine yote amefaulu.

Anza na wewe: ondoa hofu ya kipigo

Kabla ya bendeji na namba za simu, kuna somo la mzazi. Mtoto anayejua kwamba akisema "nimeungua" jibu la kwanza ni kofi, huficha. Huvuta shati la mikono mirefu juu ya lengelenge. Humwambia mdogo wake, "Usiseme." Aliyemchokoza mbwa wa jirani akang'atwa hunawa kijuujuu na kunyamaza, kwa sababu alishakatazwa kupita njia ile.

Ukimya huo unaua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikianza mapema baada ya kung'atwa, humwokoa. Muda wa kumwokoa mtoto ndio huo anaoutumia kuficha. Vivyo hivyo kwa aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda, au aliyemeza kibetri cha duara cha saa au rimoti, ambacho kinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa chache.

Basi weka kanuni ya nyumba na uitamke mbele ya watoto wote: anayekuja kusema ameumia, au mwenzake kaumia, hachapwi. Kosa litazungumzwa baadaye, jeraha likiwa limeshughulikiwa. Kisha ishike kanuni hiyo hata siku kioo cha kabati kimevunjika. Ukiivunja mara moja, watoto wataikumbuka mara hiyo moja.

Fundisha kuita

Tunawalea watoto kwa adabu: usiingilie wakubwa wanapozungumza, piga hodi, amkia, ngoja ukaribishwe. Ni malezi mazuri, lakini yanaweza kumsimamisha mtoto mlangoni kwa jirani akisubiri wakubwa wamalize maongezi huku mdogo wake akiwa ameanguka kisimani. Mwambie waziwazi: siku ya hatari hakuna hodi wala shikamoo. Unaingia, unapaza sauti, hata kama watu wanakula, hata kama wanaswali. Mwambie na jirani pia, ili asije akamkaripia.

Kupaza sauti nako hufundishwa, kwa sababu mtoto aliyeshtuka hulia tu, na kilio cha mtoto mtaani hakimshangazi mtu. Mpe sentensi yenye vitu vitatu: nani, kafanya nini, yuko wapi. "Mama kaanguka, haamki, yuko jikoni!" "Juma kaungua na chai, yuko nyumbani!" Mfanyishe mazoezi uani kwa sauti ya juu. Wengine watacheka mwanzoni. Acha wacheke, mradi sauti itoke.

Halafu chagueni pamoja watu wazima watatu walio karibu: jirani ambaye huwa nyumbani mchana, mwenye duka, na dereva wa bajaji au bodaboda mnayemwamini. Mahali pengi gari la wagonjwa haliwahi kufika, na anayempeleka mgonjwa zahanati ni huyo dereva. Tembea na mtoto hadi kwa kila mmoja, umtambulishe, umweleze kazi yake. Asiwe na mtu mmoja tu wa kukimbilia, maana naye anaweza kuwa amesafiri.

Simu na namba

Nchini Tanzania namba ya dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, na inapatikana Tanzania Bara na Zanzibar. Kenya hutumia 999 na 112, pamoja na 116 kwa watoto. Mtoto mdogo mfundishe moja tu kwanza, na umfundishe tarakimu kwa tarakimu: "moja, moja, mbili". Akijifunza "mia moja kumi na mbili" hatajua abonyeze nini.

Mwonyeshe namna ya kupiga namba ya dharura simu ikiwa imefungwa kwa nywila. Kwa mazoezi tumia simu iliyotolewa betri au kipande cha boksi kilichochorwa vitufe, kwa sababu baadhi ya simu hupiga 112 hata zisipokuwa na laini, na mchezo wenu unaweza kumsumbua askari wa zamu.

Ajue kusema jina lake kamili, jina la mzazi, mtaa au kijiji, na alama iliyo karibu: msikiti, shule, kisima, mti mkubwa. Tanzania ilibandika vibao vya anwani za makazi kwenye nyumba nyingi mwaka 2022, kabla ya sensa. Kama nyumba yenu ina kibao, msomeshe namba na jina la barabara. Jambo la mwisho: asikate simu mpaka aambiwe.

Kila umri na kiasi chake

Umri wa miaka 3 hadi 4: kutaja viungo vya mwili, jina lake na la mzazi, kuita kwa sauti, na kutogusa waya, dawa na damu.

Miaka 5 hadi 6: namba ya dharura, kutokwa damu puani, maji kwenye kidonda cha moto. Usidhani ni wadogo mno. Mwaka 2011 watafiti wa Norway walieleza jaribio walilofanya na watoto 10 wa chekechea wenye miaka 4 na 5. Baada ya mafunzo, wengi wao waliweza kukagua kama mtu ana fahamu na kutaja namba sahihi ya dharura.

Miaka 7 hadi 9: kukandamiza jeraha, kumlaza ubavu aliyepoteza fahamu, kuosha jeraha la mbwa, kutoka kwenye moshi.

Miaka 10 na kuendelea: kumsaidia aliyepaliwa, na kuongoza wadogo zake watoke kwenye hatari. Kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama kunahitaji uzito na nguvu ambazo mtoto mdogo hana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono wito wa kufundisha jambo hilo shuleni saa 2 kila mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Kabla ya hapo, mtoto aite.

Ajali na kazi ya mtoto

Kuungua. Hii ndiyo ajali ya jikoni, ya uji, chai, maharage na jiko la mkaa. Maji ya baridi ya kawaida, yasiyo na barafu, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Pasipo bomba, yamiminwe taratibu kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Dakika 20 ni nyingi kwa mtoto, hivyo mwambie tu aendelee kumimina mpaka mtu mzima aseme basi. Nguo iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe. Dawa ya meno, asali, yai, unga na mafuta visipakwe. Baada ya maji, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe akaonwe.

Damu. Aliyekatwa akandamize jeraha kwa mkono wake mwenyewe, kwa khanga au kitambaa safi kilichokunjwa, bila kuachia achungulie. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake. Mtoto asishike damu ya mwenzake kwa mikono mitupu. Avae glavu au afunike mkono kwa mfuko safi.

Damu ya puani. Akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 huku akipumua kwa mdomo. Wengi tulifundishwa kuinua kichwa juu. Huko damu hushuka kooni na kuleta kichefuchefu.

Sumu. Mafuta ya taa, dawa ya panya, dawa ya chooni, vidonge vya bibi. Aliyekunywa asitapishwe na asinyweshwe maziwa wala mafuta ya kula. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Kazi ya mtoto ni kuita, kusema kweli ni nini kimenywewa, na kuleta chupa au pakiti iende hospitali pamoja na mgonjwa. Kazi ya mzazi ni kuacha kabisa kuweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji.

Kupaliwa. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kusema yuko hatarini, na mtoto aite papo hapo. Mwenye miaka 10 anaweza kumwinamisha mwenzake mbele na kumpiga mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja cha mkono. Asiingize kidole kooni kutafuta kilichokwama.

Degedege na kifafa. Mtoto asogeze vitu vigumu, aweke nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, aite. Asimshike kwa nguvu, asimtie kijiko mdomoni, asimmwagie maji. Mtikisiko ukiisha, mgonjwa alazwe ubavu. Ukizidi dakika 5 ni safari ya hospitali bila kusubiri, na mtoto mdogo mwenye homa aliyepata degedege apelekwe hata kama umeisha mapema. Mwambie pia kwamba kifafa hakiambukizi, wala mate ya mgonjwa hayakileti. Watoto wengi humkimbia mwenzao darasani kwa sababu waliambiwa vingine.

Aliyezimia. Mwite jina, mguse bega. Asipojibu, ita. Kama anapumua, mlaze ubavu, mdomo ukitazama chini kidogo. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya mwembe au darini asinyanyuliwe wala kukalishwa. Abaki alivyo, mtu mzima aje.

Mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo. Kisha siku hiyohiyo kituo cha afya, kuuliza chanjo.

Nyoka. Rudi nyuma, usimfuate, usimpige. Aliyeumwa atulie, asikimbie, mguu au mkono usitikiswe. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba kwa kukaza, wala kubandika jiwe jeusi. Abebwe hadi hospitali.

Maji. Mtoto asimfuate mwenzake majini, kwa sababu anayezama humshika amwokoaye na kumzamisha. Apige kelele na arushe kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, na kamba kama ipo. Mwenye mdogo anayetambaa ajue pia kwamba ndoo na beseni vyenye maji humzamisha mtoto mchanga. Vimwagwe au vifunikwe.

Umeme. Aliyenaswa na umeme asiguswe. Mtoto aite mtu wa kuzima swichi kuu. Waya ulioanguka chini uangaliwe kwa mbali.

Moto na moshi. Kwenye moshi, tambaa chini kuelekea mlangoni. Nguo ikishika moto usikimbie: simama, lala, biringika. Ukishatoka nje usirudi kuchukua begi, simu wala paka. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya joto, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu. Mtoto akisikia kichwa kinauma na kizunguzungu, atoke nje na kuita.

Barabarani. Asikimbilie katikati ya barabara kumwinua aliyegongwa. Na lori la mafuta likipinduka, kimbia uende mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota mafuta, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Mtoto anayetumwa na dumu mahali kama hapo aruhusiwe kukataa.

Namna ya kufanya mazoezi

Usifundishe yote haya kwa siku moja. Chukua ajali moja kwa wiki, dakika 10 zinatosha, na mtoto aifanye kwa mikono yake. Kuimba hatua kwa mdomo pekee hakumsaidii siku damu inapotoka.

Tumieni michezo waliyo nayo. Wanaocheza kibaba na kimama tayari wana mgonjwa, mama na daktari. Lete khanga, lete mwanasesere wa nguo kuukuu, useme, "Kaungua na uji, tufanyeje?" Jioni tegeni vitendawili mlivyovitunga wenyewe:

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Moto umeniuma mkono, dawa yangu haiuzwi dukani."
"Maji ya bomba!"

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nimeumwa porini, sikukimbia, sikuchanja, nimetulia tuli."
"Aliyeumwa na nyoka!"

Atakayeshindwa atoe mji kama kawaida, kisha aelezwe jibu na sababu yake.

Kwa zoezi la aliyezimia, lala chini mwenyewe. Lakini tangaza mwanzo na mwisho: "Sasa tunacheza," halafu "Mchezo umekwisha, mama mzima." Usimshtukize mtoto kwa kujifanya umekufa, na usimwonyeshe picha za majeraha zinazosambazwa kwenye simu. Mtoto aliyejaa hofu huganda.

Akikosea, usimkatize. Mwache amalize, kisha muulize, "Ungeanza na nini?" Anapojirekebisha mwenyewe ndipo somo linapokaa.

Watu wazima mkubaliane

Mtoto aliyefundishwa maji, bibi akaja na asali, atamwacha bibi apake asali. Hawezi kubishana na mkubwa. Kwa hiyo mazungumzo hayo yafanywe na wewe, mapema na kwa heshima, kabla ya ajali: bibi, dada wa kazi, shangazi anayekuja likizo, mwalimu wa madrasa au wa masomo ya ziada. Mpe mtoto pia sentensi ya adabu: "Bibi, hospitalini wamesema maji kwanza." Bibi aliyeelezwa mapema atakuwa wa kwanza kuagiza ndoo.

Andaeni kisanduku na kila mtu ajue kilipo: vitambaa safi, bendeji, plasta, glavu, mkasi, sabuni, tochi, na karatasi yenye namba za simu za wale watu watatu. Dawa za kumeza zisikae humo. Zifungiwe juu, mbali na watoto. Nani achukue kisanduku, nani aite, nani akae na mgonjwa, hayo nayo yapangwe.

Mafunzo ya ana kwa ana kwa watu wazima hutolewa na vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania na Kenya. Mzazi aliyewahi kupiga magoti na kukandamiza kifua cha mwanasesere hufundisha kwa uhakika zaidi.

Baada ya tukio

Mtoto akiwa amesaidia, mshukuru kwa jambo mahususi: "Ulikimbia kumwita mama Asha, na ulimmiminia maji." Akiwa ameogopa akakimbia, mshukuru kwa kuwa salama. Na mgonjwa asipopona, ni wajibu wako kumwambia mtoto, zaidi ya mara moja, kwamba halikuwa kosa lake. Tumempa kazi ya kuita. Kuokoa maisha ni kazi ya wakubwa, na hata wakubwa huzidiwa.

Pa kuanzia

Wiki ya kwanza, tangaza kanuni ya kutochapa na uwatembelee wale watu watatu. Wiki ya pili, kuita na namba. Wiki ya tatu, kuungua. Wiki ya nne, damu. Baada ya hapo ajali moja kila wiki, mkianza na zile zilizo karibu na nyumba yenu: wa Nungwi au Lamu waanze na maji, wa kando ya barabara kuu waanze na magari, wa shambani waanze na nyoka. Kila Jumamosi ya pili ya Septemba, ambayo ni Siku ya Huduma ya Kwanza Duniani, rudieni yote na mkague kisanduku.

Ukitaka kujua kama somo limeingia, usimpe mtihani. Mwambie mkubwa amfundishe mdogo wake, wewe ukae pembeni usikilize. Atakachoruka ndicho mtakachorudia wiki ijayo.